Maswali ya Wasomaji: Aliyepewa Haki ya Kipekee Akikaa Nayo Bila Kuitumia

SWALI. Mheshimiwa Mwanasheria, mimi ni mama mchoraji, naishi katika komine ya Kenya hapa Lubumbashi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikichora hadithi za picha, na mmoja wa wahusika wangu anapendwa sana na watoto wa shule. Mwaka 2022 mfanyabiashara mmoja alinijia nyumbani, tukasaini mkataba wa miaka mitano unaompa haki ya kipekee ya kutia picha ya mhusika wangu kwenye kaye, mikoba ya shule, tisheti, vikombe na vitenge katika Congo nzima. Malipo yangu ni asilimia 8 ya mauzo yake ya jumla, na alinitangulizia dola 300 ambazo angezikata baadaye. Alitoa kaye mara moja tu, kabla ya shule kufunguliwa Septemba 2023. Tangu hapo ni kimya. Nilipomwuliza alinijibu hivi: «Mama, mkataba unanipa haki, haunilazimishi kufanya kazi.» Sasa fundi mmoja wa mikoba ananiomba nimruhusu atumie picha hiyo hiyo. Je, jibu la yule wa kwanza ni sahihi? Na je, naweza kumkubalia huyu wa pili? — Msomaji, komine ya Kenya, Lubumbashi

JIBU. Mama, asante kwa barua yako na kwa nakala ya mkataba uliyoiambatanisha. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lenye hatari ya haraka: usisaini chochote na fundi wa mikoba kabla mkataba wa kwanza haujavunjwa au kupunguzwa kwa njia halali. Ulimpa yule mfanyabiashara haki ya kipekee, na mikoba ya shule imetajwa kwa jina katika ibara ya pili. Ukimruhusu mtu mwingine leo, wewe ndiwe utakayekuwa umevunja mkataba, na mtu ambaye hajafanya kazi kwa muda wote huu atapata sababu ya kukudai fidia.

Sasa nirudi kwenye jibu lake. Ni kweli kwamba leseni ni ruhusa, na kwa kawaida mtu aliyepewa ruhusa halazimiki kuitumia. Lakini kauli hiyo haitoshi kwa mkataba kama wenu, na sababu yake imo ndani ya karatasi mliyosaini wenyewe. Mambo mawili yanakutana humo. La kwanza ni kwamba haki ni ya kipekee: kwa miaka mitano hakuna mtu mwingine Congo anayeweza kuuza kaye au kikombe chenye mhusika wako, na kwa jinsi ibara ya pili ilivyoandikwa hata wewe mwenyewe umezuiwa. La pili ni kwamba pato lako ni asilimia ya mauzo. Asilimia 8 ya mauzo yasiyokuwepo ni sifuri. Tukikubali maneno yake, basi ulifunga milango yako yote kwa miaka mitano, ukamkabidhi mtu mmoja funguo, kisha ukakubali kwamba anaweza kulala usingizi mpaka muda uishe bila kukudai wala kudaiwa. Sioni mtu mwenye akili timamu anayefanya biashara kwa nia hiyo, na hakimu anayesoma mkataba hutafuta nia ya wote wawili waliosaini, hashiki maneno matupu peke yake.

Sheria yetu inampa hakimu huyo mahali pa kusimama. Kitabu cha Tatu cha Sheria za Kiraia, ambacho kinatokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 na ambacho bado ndicho kinachotawala mikataba yetu, kinasema katika kifungu cha 33 kwamba makubaliano halali ni sheria kwa walioyafanya na kwamba lazima yatekelezwe kwa nia njema. Kifungu cha 34 kinakwenda mbali zaidi: mkataba unawafunga watu kwa yale yaliyoandikwa, na vilevile kwa yote ambayo haki, desturi au sheria inaambatanisha na wajibu huo kwa kadiri ya asili yake. Ukurasa ule wa mkataba wenu hauna neno «atalazimika kutengeneza na kuuza», lakini asili ya leseni ya kipekee inayolipwa kwa asilimia inalibeba neno hilo. Hiyo ndiyo hoja ambayo wakili wako ataijenga, na mimi naiona ni hoja yenye nguvu.

Hoja hii haikuzaliwa kwetu, na ni vizuri uijue ilikotoka, kwa kuwa kesi yake kubwa inafanana na yako kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1917 Mahakama ya Rufani ya New York iliamua kesi ya Wood dhidi ya Lucy, Lady Duff-Gordon. Bibi huyo alikuwa mbunifu wa mavazi mwenye jina kubwa, kiasi kwamba nguo au kitambaa kilichobeba kibali chake kilipanda thamani. Alimpa Bwana Wood haki ya kipekee ya kutafuta wafanyabiashara watakaotumia jina lake kwenye bidhaa zao, na faida wagawane nusu kwa nusu. Baadaye bibi akatoa kibali chake pembeni, bila kumwambia Wood, na fedha akazishika mwenyewe. Aliposhtakiwa alijitetea kwamba mkataba haumfungi, maana Wood hakuahidi kufanya kitu chochote. Jaji Benjamin Cardozo, akiandika kwa niaba ya majaji walio wengi, alikataa utetezi huo. Alieleza kwamba ahadi ya kufanya jitihada za kadiri ya akili imo ndani ya mkataba mzima hata kama haikutamkwa, kwa sababu bila jitihada za Wood bibi asingepata hata senti moja kwa muda wote wa mkataba, na haiwezekani kudhani kwamba mmoja alijiweka mikononi mwa mwenzake kiasi hicho.

Tazama vizuri nani alishindwa pale. Kesi iliyoweka wajibu wa mpewa leseni kufanya kazi ni kesi ambayo mwenye jina ndiye aliyepoteza, kwa kuwa alikwenda pembeni badala ya kudai wajibu huo mbele ya mwenzake. Ndiyo maana nimekuomba umwambie fundi wa mikoba asubiri.

Wajerumani wameliandika jambo hili waziwazi katika sheria yao ya haki za watunzi ya mwaka 1965. Kifungu cha 41 kinamruhusu mtunzi kuirudisha haki ya kipekee aliyoitoa ikiwa aliyepewa haitumii, au anaitumia kwa upungufu. Lakini kuna masharti: kwa kawaida lazima miaka miwili iwe imepita tangu haki itolewe, na mtunzi lazima kwanza ampe mwenzake muda wa ziada unaotosha ili ajirekebishe. Sheria hizo za New York na za Ujerumani hazimfungi hakimu wa Lubumbashi. Zinamwonyesha tu kwamba dai lako si la ajabu, na kwamba mahali pengine penye biashara kubwa ya bidhaa za wahusika na nembo watu wenye busara wamefikia jibu hilo hilo kwa njia tofauti.

Lazima pia nikueleze mipaka ya wajibu huu, kwa sababu mwenzako atakuwa na wakili naye. Kama ungempa leseni isiyo ya kipekee, wajibu wa kuitumia kwa kawaida usingekuwepo, maana ungebaki huru kuwapa wengine. Kama angekulipa kiasi kimoja kikubwa mwanzoni, bila asilimia, hoja yako ingedhoofika sana. Dola 300 zinazokatwa baadaye si malipo ya namna hiyo, ni utangulizi wa asilimia zako mwenyewe. Na hata pale wajibu unapokuwepo, ni wajibu wa kujitahidi kweli kama mfanyabiashara makini. Hakuahidi kwamba vikombe vitauzwa. Halazimiki kuchapisha vitenge elfu kumi ambavyo soko halivitaki, na akikuletea ushahidi kwamba alipeleka sampuli kwa wauzaji wa Soko la Mzee na kwa maduka ya vifaa vya shule, wote wakakataa, hakimu atamsikiliza. Ila katika barua yako sioni sampuli, sioni bei zilizoombwa, sioni hata safari moja kwa mchapaji baada ya Septemba 2023.

Lipo suala la kaye zile alizotoa. Atasema: «Nilifanya kazi, hizi hapa.» Nimeiangalia ile moja uliyoituma: karatasi nyepesi inayopitisha wino upande wa pili, pini mbili zilizokaa upande, rangi ya koti la mhusika imegeuka kutoka nyekundu kuwa kama chungwa, na jina lako halipo popote. Hilo ni jambo zito kwa upande wako, kwa sababu kazi ya sanaa inalindwa na amri-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za watunzi, na jina la mtunzi ni sehemu ya ulinzi huo. Lakini kwa swali la leo, muhimu ni kwamba mkataba unataja aina tano za bidhaa na yeye amegusa moja, mara moja. Kutumia sehemu ndogo hakumpi haki ya kuifungia sehemu iliyobaki. Unaweza kudai mkataba wote uvunjwe, au kudai urudishiwe mikoba, tisheti, vikombe na vitenge, yeye akabaki na kaye. Mimi ningependelea hilo la pili kama njia ya mapatano, kwa kuwa ni rahisi kwake kulikubali na linakufungulia mlango wa fundi wa mikoba bila kesi.

Hatua ya kwanza ni barua ya kumtaka rasmi atimize wajibu wake, ipelekwe na afisa wa mahakama anayepeleka hati au angalau ipokewe kwa saini. Bila barua hiyo ni vigumu kudai fidia, maana sheria inataka mdaiwa kwanza awekwe katika hali ya kuchelewa. Andika bidhaa moja moja, andika tarehe ya mkataba, andika kwamba tangu Septemba 2023 hukupokea hesabu wala malipo, na umpe muda unaowezekana kweli. Siku nane hazimtoshi mtu wa kuagiza mikoba. Miezi mitatu inatosha kuonyesha mpango, sampuli na oda. Mwombe pia hesabu kamili ya zile kaye: ngapi zilichapwa, ngapi zimeuzwa, ngapi zimebaki depo.

Muda ukiisha bila jibu, kifungu cha 82 cha kitabu kile kile kinakuruhusu kuomba mkataba uvunjwe kwa sababu upande mmoja haukutimiza ahadi yake. Lakini mkataba haujivunji wenyewe; hakimu ndiye anayeuvunja, na anaweza kumpa mdaiwa muda kwanza kufuatana na hali. Kwa mgogoro kati ya wafanyabiashara wawili ingekuwa moja kwa moja Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi; kwa kuwa wewe ni mchoraji, wakili wako aangalie kwanza kama mahakama hiyo inafaa. Kuhusu fidia, dai lile ulilopoteza na lile ulilokosa kupata, na hapo ushahidi wako bora ni fundi wa mikoba: mwombe aandike barua ya nia, bila kusaini mkataba, aeleze idadi na bei anayoiona.

Na siku utakaposaini tena, usiuache wajibu huu ufichwe ndani ya nia njema. Uandike. Kifungu kama hiki kingekutosha: «Mpewa leseni atatengeneza na kuanza kuuza kila aina ya bidhaa iliyotajwa ndani ya miezi tisa tangu siku ya kusaini, na ataendelea kuiuza bila kukatiza kwa zaidi ya miezi sita. Aina yoyote ambayo haikuanza kuuzwa, au iliyokatizwa kupita muda huo, itarudi kwa mtoa leseni siku thelathini baada ya barua ya kukumbusha, bila haja ya kwenda mahakamani.» Ongeza kiwango cha chini cha malipo kwa kila mwaka, hesabu ya kila miezi mitatu, na muda mfupi wa kumaliza shehena iliyobaki baada ya mkataba kuisha, ili bidhaa zako zisiendelee kutoka depo miaka miwili baadaye kwa jina la «mabaki».

SWALI. Mimi ni mfanyabiashara wa Kampemba. Nina leseni ya kipekee ya jezi na vitenge vya klabu moja ya mpira, na mkataba unanidai nilipe si chini ya dola 2 000 kila mwaka. Mwezi wa pili nilipeleka sampuli kwa kamati kama mkataba unavyotaka. Mpaka mwezi wa saba hawajajibu. Kisha mzigo wangu wa kwanza wa vitambaa ulikaa Kasumbalesa wiki sita. Sasa klabu inasema sitimizi wajibu na itanyang'anya leseni. Je, nikilipa zile dola 2 000, si nimemaliza wajibu wangu? — Msomaji, Kampemba, Lubumbashi

JIBU. Bwana, kiwango cha chini hakikufungulii mlango wa kulala. Klabu ilikipanga ili isirudi mikono mitupu mwaka mbaya. Haikukipanga kuwa bei ya kununua kimya chako. Mtu akilipa kidogo kila mwaka na kuyaacha mashabiki wavae jezi bandia, nembo ya klabu inakufa sokoni huku karatasi zikionekana safi. Isipokuwa mkataba wako useme waziwazi kwamba malipo hayo yanachukua nafasi ya wajibu wa kuuza, mimi nakushauri uyahesabu kama sakafu, na jitihada za kuuza zibaki palepale juu yake.

Lakini katika habari uliyoieleza wewe ndiwe mwenye haki. Huwezi kuuza jezi ambayo mkataba unakataza kuuzwa kabla ya kibali, na anayekishikilia kibali hawezi kumlaumu mwenzake kwa matokeo ya ukimya wake. Nia njema ya kifungu cha 33 inamfunga mtoa leseni pia: anapaswa kujibu sampuli ndani ya muda wa kadiri, na akikataa aseme kasoro ni nini. Iandikie kamati leo hii, utaje tarehe uliyopeleka sampuli na aliyezipokea, uombe jibu ndani ya siku kumi na tano, na uombe muda wa mauzo pamoja na kiwango cha chini cha mwaka huu vipunguzwe kwa kadiri ya miezi iliyopotea. Kama ulikuwa ukiwapigia simu tu, basi udhaifu wako uko hapo. Tafuta ujumbe wa simu uliowatumia, uuhifadhi.

Kuhusu Kasumbalesa, usitegemee sana hoja ya nguvu isiyozuilika. Sheria inamwondolea fidia mtu aliyezuiwa na jambo ambalo hakuweza kulitazamia wala kulikwepa, na kila anayeagiza mzigo kupitia mpaka ule anajua kwamba foleni ya malori ni jambo la kawaida. Mpaka ukifungwa kwa amri ya serikali, hiyo ni habari nyingine. Wiki sita za foleni, au za hati ambazo wewe mwenyewe hukuzikamilisha, hakimu ataziweka kwenye hesabu yako.

SWALI. Kikundi chetu cha muziki kiliandikisha jina lake kama alama ya biashara Kinshasa. Tulimpa mtu leseni ya kofia na tisheti, naye hajatoa kitu. Je, tunaweza kuipoteza alama yenyewe? — Msomaji, Ibanda, Bukavu

JIBU. Hatari ipo, na ndiyo sababu ya kutomwacha mpewa leseni asinzie. Mkataba wa kimataifa wa TRIPS, unaohusu haki za ubunifu na alama za biashara na unaotuhusu tangu Congo ijiunge na Shirika la Biashara la Dunia tarehe 1 Januari 1997, unaruhusu nchi kufuta alama isiyotumika, lakini si kabla ya miaka mitatu mfululizo ya kutotumika, wala pale mwenyewe anapoonyesha kizuizi cha kweli kisichotokana na yeye, kwa mfano katazo la kuingiza bidhaa nchini. Uzembe wa mtu mliyempa leseni kwa hiari yenu hauonekani kwangu kuwa kizuizi cha namna hiyo.

Mkataba huohuo unasema pia kwamba matumizi ya mtu mwingine, yakiwa chini ya usimamizi wa mwenye alama, yanahesabiwa kuwa matumizi ya alama. Kwa hiyo tisheti zitakazouzwa na mpewa leseni zitawalinda ninyi, mradi mmekagua ubora wake na mna maandishi ya kuonyesha hivyo. Kama leseni yake si ya kipekee, anzeni kuuza wenyewe kwenye maonyesho yenu yajayo. Kama ni ya kipekee, mwandikieni barua ile niliyomweleza mama wa Lubumbashi, na mtunze ankara na picha zenye tarehe za kila bidhaa iliyowahi kuuzwa kwa jina hilo tangu siku ya kuliandikisha. Msitegemee kwamba kuandikishwa Kinshasa kunawalinda nje ya mipaka: Congo haimo katika OAPI wala ARIPO, mashirika mawili ya Afrika yanayoandikisha alama kwa nchi kadhaa, na kofia zikianza kuuzwa Kigali au Bujumbura bila idhini yenu, alama hiyo itabidi iandikishwe huko pia.